Mwongozo kamili wa kuitembelea Hagi, mji wa ngome usio na ngome

Nianze na jambo litakalokuudhi ukifika bila kuambiwa: Hagi, mji wa pwani wa Japani, hakuna ngome. Ilikuwepo, ya orofa tano, chini ya mlima uliojitokeza baharini, na picha yake ya zamani ipo. Mwaka 1874 ikabomolewa. Leo kuna kitako cha mawe, handaki la maji na miti. Nimewaona wageni wakizunguka pale dakika kumi, wanapiga picha moja, wanarudi kituoni na uso wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Walitazama pasipo. Japani nzima imebakiwa na minara mikuu ya ngome ya asili 12 tu, na mingi ya ile mingine unayoiona kwenye postikadi ni zege la karne ya 20. Hagi imekwenda kinyume: mnara umeondoka, mji wenyewe umebaki. Vichochoro viko palepale vilipokuwa, kuta ziko palepale, na wenyeji hujisifu kwamba ramani ya enzi ya Edo, yaani ya mabwana wa samurai kabla ya 1868, bado inatosha kukuongoza. Si porojo. Nimeijaribu, na nilipopotea kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo mwongozo huu haukupeleki kwenye jengo. Unakupeleka kutembea ndani ya mpango wa mji, kuanzia alipokaa bwana mkubwa, ukishuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa wafanyabiashara, mpaka bandarini, halafu ng'ambo ya mto alikokaa mwalimu mmoja ambaye wanafunzi wake walikuja kuupindua mpango wote huo.

Kwanza uelewe unachokwenda kukiona

Wajapani huita mji wa namna hii jokamachi, yaani mji ulio chini ya ngome. Haukukua wenyewe kama kijiji. Ulipimwa na kupangwa. Ngome hukaa pembeni palipo salama, samurai wakubwa, yaani askari wa bwana wenye vyeo, hukaa ndani ya handaki karibu naye, samurai wa kati na wafanyabiashara nje ya handaki, na kila mtu kiwanja chake kwa cheo chake.

Mpangaji wa Hagi ni Mori Terumoto. Mwaka 1600 alikuwa upande ulioshindwa vita vya Sekigahara. Mshindi, Tokugawa Ieyasu, hakumuua; alimnyang'anya ardhi. Utajiri wa bwana ulihesabiwa kwa koku, na koku moja ni mchele wa kumlisha mtu mmoja kwa mwaka. Mori alikuwa na koku zaidi ya milioni moja, akaachiwa kama 370,000 na majimbo mawili mwisho wa kisiwa cha Honshu. Mwaka 1604 akaanza kujenga Hagi, kwenye delta kati ya mito Hashimoto na Matsumoto, mgongo ukiwa kwenye Bahari ya Japani. Mwaka 1608 ngome ilikamilika. Familia yake ikakaa hapo miaka 250 na zaidi.

Mwaka 1863 makao ya utawala yakahamishiwa mji wa Yamaguchi, katikati ya jimbo. Reli ilifika Hagi mwaka 1925, wakati miji ya upande wa kusini ilishaizoea. Mji ukasahauliwa, na kusahauliwa ndiko kulikouhifadhi. Sasa una watu 40,000 na kidogo.

Kabla ya kununua tiketi

Mtanzania au Mkenya mwenye pasi ya kawaida anahitaji viza ya Japani. Jipe muda wa kutosha. Ubalozi hutaka ratiba ya siku kwa siku: tarehe, mji, unalala wapi, namba ya simu ya hoteli. Usiandike tu "kutalii Tokyo". Andika Hagi kwa jina, na uweke nafasi ya chumba inayoweza kufutwa bila malipo. Barua ya mwajiri na taarifa ya benki ya miezi ya karibuni ndivyo vinavyopewa uzito. Ukishapata viza, jaza fomu ya uhamiaji na forodha mtandaoni kwenye Visit Japan Web. Itakupunguzia foleni uwanjani.

Jambo la mzigo: usibebe nyama ya aina yoyote, hata ile kavu aliyokufungia mama, wala maembe. Forodha ya Japani haina mchezo kwenye nyama na matunda mabichi, na mbwa wao wa kunusa wanaijua kazi.

Msimu. Mimi ningekwenda nusu ya kwanza ya Mei, baada ya tarehe 5. Kabla ya hapo kuna wiki ya sikukuu, kuanzia mwisho wa Aprili, ambapo Japani nzima iko barabarani na vyumba vimejaa. Sababu ya Mei nitaieleza tukifika kwenye kuta. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili ni maua ya mcheri. Ndani ya magofu ya ngome kuna mcheri mmoja, midoriyoshino, wenye maua meupe yanayoelekea ukijani, na haupatikani penginepo. Juni hadi katikati ya Julai ni mvua. Agosti joto lake ni la Dar ya Februari bila upepo wa bahari, ila tarehe 13 na 15 huwashwa taa za mawe kwenye mahekalu mawili, na hilo linafidia jasho. Januari upepo wa Bahari ya Japani utakutafuta hadi ndani ya koti.

Siku ngapi? Lala usiku mbili. Anayekuja asubuhi na kuondoka jioni anaona maduka ya zawadi tu.

Kufika

Hagi haiko kwenye njia ya Shinkansen, ile treni ya mwendokasi. Shuka Shin-Yamaguchi: kutoka Hiroshima ni kama nusu saa, kutoka stesheni ya Hakata mjini Fukuoka haifiki dakika 50, kutoka Tokyo ni saa nne na nusu hivi. Hakikisha treni yako inasimama hapo, maana nyingine hupita bila kupunguza mwendo. Nje ya stesheni tafuta basi linaloitwa Super Hagi. Safari ni saa moja na kidogo kuvuka milima. Mabasi ni machache kwa siku, kwa hiyo piga picha ratiba ya kurudi siku hiyohiyo unayofika.

Ratiba zote huandikwa kwa saa 24. Basi la 17:05 ni la saa kumi na moja na dakika tano jioni. Nalisema kwa sababu kichwa cha Mswahili kikichoka huisoma 7:05 kama saa saba mchana, na basi la Kijapani halimsubiri mtu.

Pia kuna reli ya San'in, inayopita kandokando ya bahari, nzuri mno kwa macho lakini treni ni chache. Hapo kuna mtego ulioninasa. Stesheni ni mbili: Hagi na Higashi-Hagi. Mtu wa kawaida ataona jina "Hagi" na kushuka. Nilishuka. Ni jengo dogo la mbao la mwaka 1925, limewekwa maonyesho ya Inoue Masaru, mzaliwa wa Hagi anayeitwa baba wa reli za Japani, na nje hapakuwa na teksi wala mtu. Niliburura sanduku mpaka mjini huku magurudumu yakipiga kelele mtaa mzima. Wewe shuka Higashi-Hagi.

Pasi ya reli ya JR ya siku saba ilipanda mwaka 2023 hadi yen 50,000. Kwa safari ya Fukuoka, Hagi na Hiroshima peke yake hailipi. Nunua tiketi moja moja.

Pesa, usafiri wa ndani na lugha

Toa pesa taslimu mapema. Kadi za kigeni hukubaliwa kwenye mashine za maduka ya 7-Eleven na za ofisi za posta. Nyumba nyingi za kihistoria, migahawa midogo na basi la mjini wanataka sarafu. Bakshishi hakuna, ukiacha hela mezani, mhudumu atakukimbiza barabarani akurudishie.

Basi la mjini linaitwa Maaru. Nauli ilikuwa yen 100, kila nusu saa, na njia zake mbili zimepewa majina ya watu: yule mwalimu wa ng'ambo ya mto na mwanafunzi wake mmoja. Ya mashariki ni Shoin-sensei, yaani Mwalimu Shoin. Ya magharibi ni Shinsaku-kun, na "kun" ni namna ya kumwita kijana. Mwalimu kapewa heshima yake, mwanafunzi kaitwa kama mtoto wa jirani, ingawa wote wawili wana sanamu. Hata hivyo kwa delta hii iliyo bapa kama sinia, chombo chako ni baiskeli. Kuna za kukodi karibu na stesheni ya Higashi-Hagi na mjini. Endesha kushoto, kama kwetu.

Kijapani kisikutishe. Irabu zao ni zetu: a, e, i, o, u, zinatamkwa vilevile. Mswahili akisoma "Shizukiyama" kama ilivyoandikwa ataeleweka kuliko Mwingereza aliyesoma kozi. "Sumimasen" inafanya kazi ya samahani na hodi kwa pamoja.

Siku ya kwanza: kutoka kwa bwana kwenda chini

Fika kwenye magofu asubuhi, saa mbili na nusu hivi. Kiingilio kilikuwa yen 220, na tiketi hiyohiyo inakuingiza kwenye nyumba ndefu ya karibu na hapo, iliyokuwa makazi ya askari wa tawi la Asa la ukoo wa Mori. Usiitupe.

Panda kwenye kitako cha mnara. Juu yake utaona mawe bapa yamepangwa kwa safu: hayo ndiyo yaliyobeba nguzo. Simama kwenye moja. Kila jiwe lilibeba nguzo, na ukiyaunganisha kwa macho unapata ukubwa wa sakafu. Halafu geuka uutazame mlima Shizuki nyuma yako, mita 143. Njia ya kupanda huchukua kama dakika 20. Kileleni palikuwa na ngome ndogo ya kukimbilia, na huko kuna mawe ambayo hayajamalizwa kupasuliwa, yana mstari wa matundu ya kabari kama stempu. Mafundi waliacha kazi katikati, zana wakaondoka nazo. Wageni wengi hawapandi, na mimi naona hapo ndipo penye kitu cha kuona.

Ukishuka, toka kuelekea mashariki. Sasa uko Horiuchi, jina lenye maana ya "ndani ya handaki". Hapa walikaa samurai wa vyeo vya juu. Mwaka 1976 mtaa huu pamoja na Hiyako, ulio kusini yake kando ya mto, uliingia kwenye kundi la kwanza la mitaa iliyohifadhiwa kisheria nchini Japani.

Usikimbilie malango. Tazama ukuta, tena kwa karibu, kama unavyotazama kitambaa dukani. Ni wa udongo, na ndani ya udongo zimelazwa safu za vigae vilivyovunjika, moja juu ya nyingine. Mvua imekula udongo, kingo za vigae zimetokeza nje kidogo, na unaweza kuhesabu tabaka alizoweka fundi.

Sasa jiulize kwa nini kuta hizi zipo wakati nyumba nyingi zilizokuwa nyuma yake hazipo. Jibu linaning'inia juu yake: machungwa.

Baada ya utawala wa Edo kuanguka mwaka 1868, samurai walipoteza mishahara yao ya mchele. Wengi wakahama, viwanja vikabaki wazi. Mtu mmoja wa ukoo wa samurai, Obata Takamasa, akahimiza wenzake kuanzia mwaka 1876 wapande natsumikan, tunda lililo kati ya chungwa na balungi. Watu waliozoea panga wakashika jembe. Mti huu hauvumilii upepo wa bahari, na ukuta mrefu wa samurai ulikuwa kinga iliyo tayari. Hakuna mkulima anayebomoa kinga ya shamba lake. Ndiyo maana kuta zikapona.

Na ndiyo sababu ya Mei. Mwezi huo miti inachanua, na matunda ya njano bado yako juu yake. Harufu inajaa kichochoro kizima. Wizara ya Mazingira ya Japani imeiweka kwenye orodha ya mandhari mia za harufu nzuri nchini. Usichume. Hizi ni nyua za watu. Tafuta badala yake kibanda kisicho na muuzaji kando ya njia: mfuko wa matunda, kopo la bati, na kibao cha bei. Nilitumbukiza yen 100, nikaketi kwenye ukingo wa handaki, nikalimenya moja. Ganda ni nene kama la balungi, na ule ukali wa kwanza uliniminya taya mpaka jicho moja likafumba lenyewe. La pili nilikula taratibu. La tatu nikatamani pilipili na chumvi.

Kabla ya kutoka mtaa huu tafuta kagimagari, kona zilizovunjwa makusudi. Kichochoro kinakwenda moja kwa moja, kinapiga kushoto ghafla, halafu kulia, na kuta ndefu pande zote. Adui hawezi kuona mbele wala kurusha mshale mbali. Kuna moja Horiuchi na nyingine Hiyako. Ya Hiyako ndiyo inayonipendeza. Jaribu kuipita kwa baiskeli bila kushika breki, utaelewa ilivyokuwa kwa farasi.

Vuka handaki la nje. Sasa uko mtaa wa samurai wa kati na wafanyabiashara, na vichochoro vitatu sambamba vina majina ya matajiri wa zamani: Kikuya, Iseya, Edoya. Hapa ukuta unabadilika. Ni vigae vya kijivu vilivyobandikwa, na kwenye maungio chokaa nyeupe imetunishwa. Wanauita namako, maana yake jongoo bahari. Mtu wa pwani akiutazama mara moja tu ataona kwa nini.

Ingia nyumba ya Kikuya, ilipe kiingilio bila kusita. Walikuwa wafanyabiashara wa utawala, na nyumba yao ilitumika kuwalaza wajumbe wa serikali kuu iliyokuwa Edo, Tokyo ya leo. Iko kwenye barabara aliyopita bwana mkubwa akienda na kurudi Edo na msafara wake. Mfanyabiashara kwa cheo alikuwa chini ya samurai. Ukiona bustani yake utajua nani alikuwa anamdai nani.

Kichochoroni Edoya iko nyumba alikokulia Kido Takayoshi, mtoto wa tabibu na mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya 1868, na Kikuya ndiko alikozaliwa Takasugi Shinsaku, yule "kijana" wa basi. Ni mwendo wa dakika chache kati yao. Takasugi mwaka 1863 aliunda jeshi lililochanganya samurai na watu wa kawaida, jambo ambalo mpango wa mji huu haukulitegemea. Alikufa mwaka 1867 kwa kifua kikuu, na miaka yake haikufika 30.

Ukichoka nenda Meirin Gakusha, shule ya msingi ya mbao ya mwaka 1935 iliyogeuzwa kituo cha wageni, mahali palipokuwa shule ya utawala wa Hagi. Kuna ofisi ya utalii, ramani, choo safi na chakula. Magharibi ikikaribia, rudi ufukwe wa Kikugahama utazame jua likizama nyuma ya Shizuki. Maduka hufungwa saa kumi na moja jioni hata hivyo, hakuna unachokosa.

Kulala na kuoga

Lala ryokan, nyumba ya wageni ya kijadi ya Kijapani, angalau usiku mmoja. Bei hutajwa kwa mtu, mara nyingi pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi, kwa hiyo usishtuke ukiilinganisha na hoteli. Chakula hutolewa kwa saa iliyopangwa. Ukisema utafika saa kumi na mbili jioni, fika.

Viatu vinaishia mlangoni. Ndani utapewa ndala, na ndala nazo zinaishia kwenye tatami, ile mikeka minene ya sakafuni. Chooni kuna ndala nyingine za chooni tu, na kila mgeni, nami nimo, siku moja husahau na kutoka nazo hadi ukumbini. Yukata, vazi la kulalia, hufungwa upande wa kushoto juu ya kulia. Kinyume chake ni cha maiti.

Bafu la pamoja ni la uchi kabisa, wanaume kwao na wanawake kwao. Unajisugua na kujisuuza kwanza umekaa kwenye kigoda, ndipo unaingia majini kujipasha moto. Kama stara haikuruhusu, uliza kuhusu kashikiri, bafu la kukodi kwa faragha. Usione haya kuuliza. Wajapani wenye familia huulizia pia.

Mlo

Hagi ni mji wa wavuvi, na kwa Mwislamu hiyo ni nafuu kubwa. Supu zao nyingi huanza na samaki mkavu na mwani. Shida ni mirin na sake, pombe za mchele, zinazotiwa kwenye michuzi, na nguruwe anayejificha ndani ya tambi. Waambie wakati wa kuweka nafasi, si mezani: "Buta-niku to o-sake wa dame desu", yaani nyama ya nguruwe na pombe siwezi. Usitegemee kupata mgahawa wa halali. Kibla kutoka huku ni magharibi, kidogo kuelekea kaskazini.

Kula ngisi mbichi wa hapa angalau mara moja, aliyekatwa nyuzi nyembamba zinazong'aa kama nailoni. Ukiogopa vibichi, omba samaki wa kuchoma kwa chumvi. Karibu na bandari ya uvuvi kuna soko la Shi-mart, wenyeji wenyewe hununua hapo. Utaona pia wanauza fugu. Huyo ni bunju, yule yule ambaye wavuvi wetu wakimnasa humtupa. Hapa hutayarishwa na watu wenye leseni tu. Nilimla. Ladha yake ni ya upole sana, na nadhani nusu ya bei ni ya ujasiri.

Kitamu cha mji ni natsumikan zima lililotolewa nyama, ganda likachemshwa kwa sukari, likajazwa jeli ya maharagwe. Hukatwa vipande kama keki. Chukua na chai chungu.

Siku ya pili: ng'ambo ya mto

Vuka mto Matsumoto uende kwenye hekalu la Shoin. Ndani ya uwanja wake kuna kibanda cha mbao ambacho ungedhani ni stoo. Hiki ni Shoka Sonjuku, shule ya Yoshida Shoin. Mwaka 1854 Shoin alijaribu kudandia meli ya Wamarekani huko Shimoda ili akaone dunia, jambo lililokatazwa kwa adhabu ya kifo. Alifungwa, akarudishwa Hagi, na kwa miaka miwili na kitu akafundisha hapa. Hakuuliza cheo cha mwanafunzi. Mwaka 1859 alikatwa kichwa Edo.

Hesabu mikeka ya chumba cha kwanza: minane. Waliokaa hapo ni Takasugi, na Ito Hirobumi aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani mwaka 1885, na Yamagata Aritomo aliyeshika cheo hicho baadaye. Kibanda hiki na mji wa ngome ni miongoni mwa maeneo matano ya Hagi yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2015.

Nyumba ya Ito ya paa la nyasi iko mwendo mfupi kutoka hapo, imejaa sifa zake. Soma, lakini kumbuka pia kwamba Ito ndiye aliyekuwa mwakilishi mkuu wa kwanza wa Japani nchini Korea, na Mkorea An Jung-geun alimpiga risasi mjini Harbin, China, mwaka 1909. Ukikutana na mtalii kutoka Seoul amesimama kimya mbele ya sanamu ya Ito, usimwombe akupige picha.

Endelea na baiskeli mpaka Tokoji, hekalu la Zen lililoanzishwa 1691. Pita majengo, nenda nyuma msituni. Taa za mawe karibu 500 zimesimama kwa safu, zimeota kuvu la kijani, na mwisho wake yako makaburi ya mabwana watano wa ukoo wa Mori na wake zao. Paka dawa ya mbu. Hii ndiyo sehemu moja ya Hagi ambayo nisingekubali uiruke. Alama ya msalaba wenye mikono iliyokunjwa utakayoiona kwenye ramani ni ya mahekalu ya Kibudha, ya kale kuliko Hitler, usiifikirie vibaya.

Tanuru ya chuma ya mwaka 1856, upande wa kaskazini mashariki, ni dohani la mita kumi hivi kwenye kilima. Wataalamu wa jimbo la Saga walikataa kuwafundisha watu wa Hagi, wakawaruhusu kuchora tu, nao wakajenga kwa mchoro. Dakika 15 zinatosha.

Rudi delta kupitia Hamasaki, mtaa wa bandari, ngazi ya mwisho ya mpango wa Mori. Nyumba ni nyembamba, zimegusana mabega, watu wanaanika nguo na samaki. Hakuna kiingilio. Kama ni kati ya Machi na Novemba na bahari imetulia, malizia na mashua ya utalii karibu na daraja la Shizuki, dakika 40: kuta zilezile za jana, safari hii kutokea majini.

Kikombe cha kurudi nacho

Zawadi ya kweli ya Hagi ni ufinyanzi wake, Hagi-yaki. Ulianzishwa na wafinyanzi Wakorea walioletwa Japani wakati wa uvamizi wa Korea wa miaka ya 1592 hadi 1598; waliowekwa chini ya Mori, ndugu Yi Jak-gwang na Yi Gyeong, walikuja naye hapa. Wajapani wanaopenda chai huupanga wa pili, baada ya Raku na kabla ya Karatsu.

Nunua siku ya mwisho, asubuhi, kabla ya basi. Kishike kikombe kwa mikono miwili: kinakuwa chepesi kuliko ulivyotarajia, na ngozi yake ni laini kama tope lililokauka nusu. Kipindue. Vingi vina mkato kwenye kitako. Si kasoro, ni desturi yao. Uso wake una nyufa ndogondogo zisizohisika kwa kidole. Chai hupenya humo mwaka baada ya mwaka, na rangi hubadilika. Husema Hagi ina mageuzi saba. Ukitaka ujifinyangie mwenyewe kuna karakana zinazopokea wageni, ila kuchoma huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo uliza kwanza kama wanatuma nje ya Japani.

Kikunje ndani ya soksi, ukiweke kwenye begi la mkononi. Nyumbani, kabla ya chai ya kwanza, kiloweke kwenye maji safi usiku mzima. Siku za mwanzo kinaweza kutoa unyevu kwa chini. Weka kisahani, nyufa zitaziba zenyewe. Usikiingize kwenye maikrowevu. Na kikaushe juani barabara kabla ya kukifungia kabatini, maana kikilala na maji huota ukungu, na harufu hiyo haitoki.